Siku moja maishani mwangu: kunyonyesha katika makao ya mafuriko, Kisauni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naingia lango la shule ya msingi iliyogeuzwa makao ya familia zilizohamishwa na mafuriko ya masika, na jambo la kwanza ninalomuuliza mlinzi ni kama mabomba yanatoa maji. Mimi ni muuguzi. Wakati wa dharura nimepewa jukumu la akina mama wanaonyonyesha na watoto wao wachanga, kazi ambayo mara nyingi huhitaji ndoo, sabuni na mkaa kuliko inavyohitaji dawa.

Tumewatengea darasa moja. Leso zimetundikwa madirishani, mikeka imetandikwa, na pembeni pana sufuria ya uji wa pilipili manga uliopikwa na wanawake wa mtaa, ule ule anaopewa mzazi katika arobaini yake. Wazee husema uji huo huleta maziwa. Mimi sibishani nao, kwa kuwa mama aliyekula na kunywa vya kutosha hupata nguvu ya kukaa na mtoto kifuani, awe amekunywa uji huo au mwingine.

Saa mbili. Mama kijana ananiambia, "Sista, maziwa yamekauka tangu maji yalipoingia nyumbani." Kauli hii ndiyo ninayoisikia zaidi katika makao ya namna hii, na inastahili kujibiwa kwa utaratibu. Hofu haikaushi maziwa. Prolaktini, homoni inayoyatengeneza, huchochewa na mtoto anaponyonya. Oksitosini, inayoyasukuma yatoke, ndiyo inayoweza kuzuiwa kwa muda na fadhaa au maumivu. Maziwa yamo, ila yanachelewa kushuka. Mtoto akilia, jamaa huleta chupa. Akishiba chupa hanyonyi, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa kwelikweli, hata lile lililokuwa hofu tupu likawa jambo la hakika.

Nakaa naye mkekani. Mgongo wake uegemee ukuta, tumbo la mtoto liguse tumbo lake, mdomo upanuke na kushika sehemu kubwa ya titi, si chuchu peke yake. Mama mkwe wake anamkanda mabega bila ya kuombwa, na katika hilo amenizidi ujuzi. Baada ya muda tunamsikia mtoto akimeza. Namwomba mama ahesabu mikojo: mara sita au zaidi kwa siku ni dalili kwamba mtoto anashiba, na hesabu hiyo humtuliza kuliko maneno yangu yote.

Saa nne napima mizunguko ya mikono ya akina mama kwa utepe. Wenye watoto wa chini ya miezi sita ambao kipimo chao hakifiki sentimita 21 naandikisha wapate chakula cha nyongeza. Hata hao waendelee kunyonyesha. Anayepaswa kulishwa ni mama.

Saa sita linaingia gari lenye katoni za maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Vijana walioleta wamechanga fedha zao, na sioni njia nyepesi ya kumkatalia mtu sadaka. "Sista, watoto wanalia, nasi turudi nazo?" anauliza mmoja. Namwambia ndiyo, mwanangu, rudini nazo, kisha namweleza kwa nini. Mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wachanga wakati wa majanga unataka misaada ya aina hii isiombwe wala isipokelewe, na sababu zake zinaonekana hapa hapa uani: maji ya kuchemsha ni haba, chupa hazina pa kuoshewa vizuri, na kopo likiisha baada ya siku chache mama atakuwa amepungukiwa na maziwa yake. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, kuhara kulikuwa maradufu miongoni mwa watoto wadogo waliopewa maziwa ya unga ya msaada kuliko wale ambao hawakupewa. Vijana wanapiga simu dukani, na mwenye duka anakubali kubadilisha katoni kwa unga, ndengu, sabuni na mkaa.

Saa nane namshughulikia bibi anayemlea mjukuu wa miezi miwili ambaye mamake alifariki. Jirani mmoja yuko tayari kumnyonyesha na amekubali kupimwa virusi vya ukimwi kwanza, lakini bibi anataka kushauriana na wanawe wa kiume, kwa sababu, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto akinyonya huko watakuwa ndugu wa kunyonya na wanawe wa jirani hawataweza kumwoa. Hilo ni lao kuamua. Kwa sasa mtoto huyu ndiye anayehitaji maziwa ya unga hasa, nasi tunanunua ya kwake na tutaendelea hadi atimize miezi sita. Namwonyesha bibi kuchanganya kwa maji yaliyochemka ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, maana unga wenyewe hauna uhakika wa kukosa vijidudu, kisha kuyapoza na kumnywesha kwa kikombe, ambacho huosheka kwa urahisi kuliko chupa.

Saa kumi alasiri mama mmoja ananivuta faraghani: dawa zake za ARV, za kudhibiti virusi vya ukimwi, zilichukuliwa na maji, pamoja na kadi ya kliniki. Swali lake ni kama aache kunyonyesha. La, hatari iko katika kukatiza dawa. Kliniki iliyo karibu inakubali kumpa nyingine leo hii, na dawa ya maji ya kumkinga mtoto, kwa hiyo namtafutia tuktuk kabla hawajafunga.

Saa kumi na mbili jioni namkabidhi zamu mwenzangu. Namwomba amwamshe mtoto wa yule mama kijana saa nane usiku ikiwa atakuwa bado amelala, kwani prolaktini huwa juu zaidi usiku, na asimruhusu jamaa yeyote kupitisha chupa chini ya leso.