Dharau tatu kwenye kreti moja ya parachichi

Nina kibanda cha steshenari Uyole, pale njia ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Tunduma. Natoa kopi, nachapa, naombea vijana vyuo mtandaoni, na mtu akiwa na shida ya barua ya Kiingereza namwandikia. Kiingereza changu ni cha shule ya kata na redio. Kuomba kazi kinatosha, kuomba udhamini kinatosha. Kulalamika nilikuwa sijakipima.

Siku hiyo mama mmoja alishuka kwenye Coaster ya kutoka Tukuyu, viatu vimeganda tope. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anavuta stuli.

"Mwanangu, niandikie barua kwa wazungu wa parachichi, wale wakubwa wa huko kwao. Waambie watu wao wamenidharau."

Akanipa kikaratasi chenye anwani. Neno la dharau nikaona ninalo. Kabla sheria haijabadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nilikuwa nachapa nyaraka nyingi za mawakili, na "contempt" nililikuta humo. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu ndicho cha kuidharau mahakama: kukataa kuapa, kuvuruga shauri, kukosa heshima kwa maneno au kwa mwenendo. Basi nikaandika kwa kujiamini kwamba ofisa wao alikuwa "very contemptible to me". Nikakisoma kile kisentensi mara mbili. Kilinipendeza.

Nyuma yangu alikaa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anasubiri kopi za hati ya kiwanja. Ana tabia ya kuchungulia kioo cha mtu, tabia nisiyoipenda, ila siku hiyo iliniokoa.

"Kijana, hapo hujalalamika. Umetukana."

Akanieleza kwamba "contemptible" ni mtu au kitu kinachostahili kudharauliwa. Mwenye kudharau ni "contemptuous". Neno moja, mkia tofauti, na mimi nilikuwa nimempelekea mzungu tusi lililosainiwa na mama wa watu. Nikafuta haraka. Nilipotaka kuweka huo mkia wa pili akanizuia.

"Kwanza muulize walimfanya nini. Waingereza hawana dharau moja."

Nikageuka. "Mama, samahani, hebu nieleze vizuri. Ilikuwaje?"

Kumbe walikuwa watatu. Mama alikuwa amepeleka Hass, zile za kusafirisha nje, mahali pa kuchambulia. Alikuta mzungu amesimama anaongea na simu. Mama akaweka kreti mbele yake. Yule bwana hakuinama. Alilisukuma parachichi moja la juu kwa ncha ya kiatu, likadondoka, likabingirika hadi kwenye dimbwi, naye akaendelea na simu yake. Hapo mama alininyooshea mguu wake mwenyewe kunionyesha kiatu kilivyoenda: taratibu, kama mtu anayesogeza mlango uliorudishiwa.

"Hiyo," mwalimu akasema, "ni disdain."

Ndani ya neno hilo, alisema, mmejificha neno la Kilatini la kustahili. Mwenye "disdain" anaona jambo halilingani na hadhi yake. Hana hasira na wewe. Kukuchukia ni kazi, naye hiyo kazi haitaki. Mwenye "contempt" amekutazama, amekupima, amekuona bure. Huyu wa kiatu hata kukupima hajakupima. Ndiyo maana Kiingereza kinakubali kusema mtu "disdained" kufanya kitu fulani, yaani hakujishusha kukifanya.

Nikauliza kama "despise" lisingefaa, maana nilikuwa nimelisikia. Akakataa. Asili yake ni kumtazama mtu kutoka juu, sawa, lakini siku hizi ni la moyoni, lina chuki, linakaa na mtu miaka. Huyu wa kiatu amemjua mama dakika kumi. Tena linatumika sana kwa sababu "contempt" halina kitenzi kinachosemwa na watu wa leo. Kilichokuwepo kimebaki vitabuni.

Wa pili alikuwa kijana wa mizani. Yeye alimrudishia mama kreti kwa kishindo na kumwambia, "Haya changa, kawape nguruwe wako." Wenzake wakaangua kicheko. Kwa mwalimu, kauli ya kijana ni "scorn": ina moto, ina sauti, na ndani yake kuna kukataa, hata ofa ya mtu unaweza kuifanyia "scorn". Kile kicheko cha wenzake ni "derision". Mimi nilibishana naye kidogo hapa, maana kwetu huku hatujapungukiwa: tuna kubeza, kukejeli, kukebehi, kudhihaki, na nyodo juu. Tatizo ni kwamba mtu akiumia anavimimina vyote kwenye neno moja, amenidharau, na anayetakiwa kuandika barua anabaki na kazi ya kuvichambua kama parachichi.

Wa tatu mama alisita kumtaja. Alikuwa bwana shamba wao. Alimshika mkono kwa upole akamwambia, "Mama yangu, mambo ya soko la nje ni mazito. Nenda kapumzike, vipimo tuachie sisi."

"Huyo ndiye aliyeniuma," mama akasema. "Alinifanya mtoto."

Na mama si mtoto wa parachichi. Anajua Hass ya kusafirisha huchumwa ikiwa bado ya kijani na ngumu, kwamba kukomaa kwake hakujulikani kwa kuiminya. Wanakausha nyama ya tunda na kupima kinachobaki maji yakishatoka. Alicholalamikia ni hicho tu: kreti yake imeitwa changa bila kupimwa.

Kwa bwana shamba Kiingereza kina "condescending". Mwalimu alisema karne ya 18 ilikuwa sifa, mkubwa akijishusha kuongea na mdogo. Leo mtu akikuita hivyo hajakusifu.

Nikaandika upya. Yule bwana "disdained to bend down and look at the fruit". Kauli ya kijana nikaitafsiri neno kwa neno, haikuhitaji kupewa jina. Nilipofika kwa bwana shamba mama akaniuliza, "Hilo neno likifika litamuumiza?"

"Litamuumiza, mama."

"Basi litoe. Ni mtoto wa jirani."

Nikalitoa. Nikaweka ombi la kipimo, akalipa, akaniambia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, akarudi zake Tukuyu.

Jibu lilikuja kwenye barua pepe yangu wiki tatu baadaye. Waliomba tarehe na idadi ya kreti, wakaahidi kwamba safari ijayo mzigo wake utapimwa mbele yake. Mama alipokuja nikamsomea kwa Kiswahili mpaka mwisho.

"Na yule wa kiatu wamesemaje?"

"Hawajamgusia, mama."

Akasonya. Msonyo mrefu, wa kuanzia Uyole kuishia Kiwira. Mwalimu hakuwepo, na mimi sikuugusa kuutafsiri.