Simu ilinitoa siri

Saa nane usiku, usingizi umegoma, nikafungua programu ya afya ya akili niliyoipakua wiki nzima bila kuigusa. Ikaniletea dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, mwisho 27. Mimi nikapata 17. Nikaikodolea macho ile namba mpaka kioo kikajizima.

Ajabu, swali la 9, lile la kutaka kujidhuru, nililijibu kweli. Mtu akiniuliza ana kwa ana huwa nasema "niko sawa tu". Labda kwa sababu simu haina macho.

Roboti yake ya kuchati, hapana. Kila nikiandika inanirudishia maneno yangu kama swali, mtindo uleule wa ELIZA, programu ya kale ya kuchati ya mwaka 1966! Nikaifunga.

Ile 17 nikampelekea mshauri wangu kwa simu ya video. Akanyamaza kidogo, kisha: "Washa kamera basi, nikuone." Nikawasha. Nywele timtim, macho mekundu.

Sasa tunaonana kila Alhamisi. Programu naandikia saa nilizolala tu, na arifa zake nimezizima.