Kocha alitia sahihi, na mimi nikatia yangu

Msimu wangu wa kwanza hapa Columbus, Ohio, Marekani, mpira wa Kimarekani niliuona kwa masikio. Nilikuwa na reflekta ya njano na tochi mkononi, nawapanga watu magari yao karibu na Lane Avenue, kibarua cha Jumamosi juu ya kazi zangu mbili za siku nyingine. Uwanja wa Ohio State uko pale pale jirani, umbo lake kiatu cha farasi, unameza watu zaidi ya 100,000. Mimi mtoto wa Tanga, uwanja mkubwa niliokulia ni Mkwakwani. Siku ya kwanza wenyeji walipopata bao, kishindo kilichotoka mle nikajua kuna kitu kimelipuka, nikachuchumaa nyuma ya gari la watu. Mzee niliyekuwa nafanya naye kazi, Mmarekani mweusi rika la baba yangu, alicheka mpaka akashika magoti.

"Zoea," akaniambia. "Hiyo robo ya kwanza tu."

Hiyo ni timu ya chuo, na hapo ndipo ndugu zangu wa nyumbani huwa hawanielewi. Hebu fikiria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajaza Uwanja wa Mkapa mara moja na nusu na ushee, halafu wiki ijayo tena. Kofia ngumu, mpira umechongoka kama papai, na wachezaji ni wanafunzi wa miaka ishirini ishirini. Enzi hizo walikuwa wanapewa masomo, malazi na chakula, basi. Kuuza jezi yako, kupokea zawadi kwa sababu wewe ni mchezaji, kusaini picha kwa hela, yote yalikuwa marufuku kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchi nzima. Kocha wao, Jim Tressel, alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka.

Tressel alikuwa mtu wa watu. Mpole, nywele kazichana vizuri, siku ya mechi kavaa kizibao cha sufu na tai, ungemwona mtaani ungesema mwalimu mkuu wa sekondari. Walimwita Seneta. Alikuwa ameshawapa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2002, na kubwa kuliko hilo, alikuwa anawafunga Michigan. Uhasama wa hawa na Michigan ukiufananisha na Simba na Yanga unakuwa umekaribia. Wiki ya mechi hiyo, pale chuoni utakuta herufi M kwenye mabango zimekatwa kwa utepe mwekundu, watu wazima na shahada zao wanazunguka na gundi.

Mchezaji akiwafunga Michigan anapewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali. Ndiyo, suruali. Mila hiyo ni ya tangu 1934, kocha wa wakati huo alipowaambia vijana wasiwaogope Michigan, nao wanavaa suruali mguu mmoja mmoja kama watu wote. Nimewahi kukiona kimoja, kwenye cheni shingoni mwa mteja aliyekuwa anatafuta funguo zake gizani, nami namulika tochi. Hakizidi kucha ya kidole gumba. Nikamwuliza ni nini. Alinieleza dakika kumi nzima, funguo kazisahau.

Sasa, Desemba 2010 ikatangazwa kwamba wachezaji watano, nyota wao Terrelle Pryor akiwamo, walikuwa wameuza vidani hivyo, pete za ubingwa na vikorokoro vingine kwa mwenye duka la kuchora tatuu, kwa pesa na kwa kuchorwa. Serikali ndiyo iliyoviona, ikimchunguza mwenye duka kwa mambo yake mengine kabisa. Nilijaribu kumsimulia mama kwenye simu.

"Wameiba?"

"Hapana mama, vyao wenyewe. Walipewa."

"Wakauza vyao wenyewe."

"Ndiyo."

"Wakanunua chale."

"Tatuu, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Vijana walifungiwa mechi tano za msimu uliofuata na kutakiwa kutoa sadaka thamani ya walichopata. Fungu la Pryor lilikuwa dola 2,500. Lakini angalia ujanja: adhabu ianze msimu ujao. Mechi kubwa ya Januari 2011, Sugar Bowl dhidi ya Arkansas, wacheze. Tiketi zimeshauzwa, televisheni imeshalipa. Wakacheza, wakashinda 31 kwa 26. Mzee wa pakingi alisema hajawahi kuona polisi anayekukamata halafu anakuomba umalizie kwanza zamu.

Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa bado. Mwezi huohuo wa Januari chuo kikazikuta baruapepe. Wakili mmoja wa hapa mjini alikuwa amemwandikia kocha tangu Aprili 2010, akimweleza kinachoendelea kati ya wachezaji na yule mwenye duka. Kocha hakumwambia ofisi ya chuo inayosimamia sheria. Na Septemba 2010, kabla ya yote kufichuka, aliwekewa mezani fomu ambayo kila kocha huijaza kila mwaka, inayomtaka athibitishe kwamba kila ukiukaji anaoujua ameuripoti. Akatia sahihi.

Hapo ndipo mimi nikaacha kucheka.

Mimi nilikuja 2008 kwa bahati nasibu ya grini kadi, kwa hiyo nchi hii naijua kwanza kama nchi ya makaratasi. Sisi wabeba boksi tukikutana pale Cleveland Avenue kwenye migahawa ya Wasomali, mtu hakuulizi kazi vipi, anakuuliza makaratasi yamefika wapi. Na kila karatasi ina ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho una mstari unaosema unathibitisha haya kwa kuijua adhabu ya kiapo cha uongo. Ukiteleza hapo hufungiwi mechi mbili. Unarudishwa Tanga.

Mechi mbili ndizo chuo kilizompa kocha mwanzoni, Machi 2011, na faini ya dola 250,000. Rais wa chuo alipoulizwa mbele ya waandishi kama alifikiria kumfukuza, akatania kwamba anaomba tu kocha asimfukuze yeye. Watu walimcheka miaka. Mimi niliona ndiye pekee aliyesema kweli siku ile. Baadaye kocha mwenyewe akaomba afungiwe mechi tano sawa na vijana wake, na mwisho wa Mei moto ulipozidi, akajiuzulu. Pryor naye akaondoka.

Hukumu ya NCAA ilikuja Desemba 2011. Tressel akawekewa kizuizi cha miaka mitano: chuo chochote kitakachotaka kumwajiri lazima kijieleze kwanza. Nafasi tisa za ufadhili zikapunguzwa kwa miaka mitatu. Ushindi wote wa msimu wa 2010 ukafutwa.

Huku kufuta nilikuwa sijakuelewa, kwa sababu nimekulia kwenye pointi za mezani. Kwetu ukichezesha mtu asiyeruhusiwa na kesi ikakushinda, mwenzako anapewa pointi tatu na mabao matatu, mambo yameisha, ugomvi unahamia kwenye vijiwe vya kahawa. Hapa hapana. Ohio State iliwafunga Michigan 37 kwa 7 mwaka ule. Ikafutwa kwenye hesabu za mshindi, lakini Michigan hawakupewa kitu. Kipigo chao kipo, aliyewapiga hayupo. Nilimwuliza mzee wa pakingi hiyo mechi basi nani alishinda. Akasema, "Wenye pakingi."

Na kuna kifungu kimoja cha hukumu kilichomuumiza kila mtu mji huu: msimu wa 2012 marufuku kucheza mechi za mwisho wa msimu. Chuo kingeweza kujifungia chenyewe 2011, timu ilipokuwa mbovu, ikamaliza kwa kufungwa zaidi ya kushinda. Hawakufanya hivyo, wakaenda Gator Bowl, wakafungwa na Florida. Mwaka uliofuata akaja kocha mpya, Urban Meyer, wakashinda mechi zote kumi na mbili. Kumi na mbili bila doa, halafu wakavua viatu wakaenda nyumbani kutazama ubingwa kwenye runinga. Katika vijana wale walikuwamo ambao kidani cha dhahabu walikuwa hawajawahi kukishika, seuze kukiuza.

Ya kumi na mbili ilikuwa dhidi ya Michigan, Novemba 24, 2012, nami nilikuwa kwenye zamu. Waliichagua siku hiyo kuwaenzi mabingwa wa 2002. Nje tulisikia kelele isiyo ya bao. Ya bao hupanda ghafla ikashuka, hii ilipanda ikakaa juu. Mzee akawasha redio ya gari lake. Tressel kaingia uwanjani na wachezaji wake wa zamani, wamembeba begani, watu zaidi ya laki moja wanamshangilia. Kizuizi chake hakikuwa kimefika hata mwaka.

Simchukii. Wanaomjua wanasema ni mtu mwema kweli, na naamini aliwaficha wale vijana kama mzazi anavyomfichia mtoto. Ila mzazi huyo alikuwa na mechi kumi na tatu za kucheza, na bila Pryor asingezishinda. Huruma iliyokupa faida lazima uitazame mara mbili.

Miezi michache baadaye, 2013, miaka yangu mitano ilitimia, nikajaza fomu ya uraia. Kuna swali pale nililisoma nikaweka kalamu chini. Linauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa. Hebu soma tena. Hawaulizi umeshitakiwa nini. Wanakuuliza wewe, meza yako, chai yako inapoa, unajua nini ambacho sisi hatujui. Ni swali lilelile la kocha.

Wiki hiyohiyo akanipigia jamaa yetu wa Muheza, tuliyekuja mwaka mmoja. Alipojaza bahati nasibu alikuwa amemwacha mtoto mmoja, aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa aibu ya mke. Sasa fomu ya uraia inasema orodhesha watoto wako wote.

"Kaka, niandike au nisiandike?"

Nikamwambia muulize wakili.

"Wakili dola 200 kwa kufungua mdomo. Nakuuliza wewe."

Nilikaa kimya nikimwaza kocha na zile baruapepe, kwamba zilimlalia miezi tisa na zingeweza kulala milele, kama chuo kisingekuwa kinatafuta kitu kingine. Nikamwambia aandike. Akaandika. Mimi niliapishwa baada ya miezi kadhaa; yeye faili lake likarudishwa mara mbili, wakataka cheti cha mtoto, wakataka maelezo ya maandishi, mke naye akajua, na wakili akaja kulipwa hizo mia mbili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Miaka miwili hakunipigia simu. Mtoto sasa anasoma hapa, ana miguu ya mita mbili.

Mambo yamegeuka tangu hapo. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa. Waliouza vidani waliomba ushindi wao wa 2010 urudishwe. Bado umefutwa. Na Michigan nao wakapatikana: mfanyakazi wao, Connor Stalions, alikuwa anatuma watu kurekodi ishara za mikono za makocha wa timu pinzani. Hukumu ikatoka Agosti 2025, faini ya makumi ya mamilioni ya dola, na kocha wao wa mwaka huo, Sherrone Moore, akaongezewa kufungiwa kwa kufuta ujumbe wa simu 52 aliokuwa ameandikiana na Stalions. Jim Harbaugh aliyekuwa kocha wakati ule kapewa kizuizi cha miaka kumi, naye keshahamia timu ya kulipwa Los Angeles ambako NCAA haimfikii. Ubingwa walioupata Januari 2024 haukuguswa. Hapa Columbus wamenuna mpaka leo. Mzee wa pakingi, keshastaafu, alinipigia kuniambia sasa wamejua bei: ukivunja sheria uwe tajiri, na ushinde kabisa, usishinde nusu.

Februari 2025 nilikuwa kwa yule jamaa wa Muheza, tunakula wali wa nazi mbele ya runinga. Habari ya siku ilikuwa Jim Tressel, ameteuliwa kuwa naibu gavana wa Ohio. Nywele zimekuwa nyeupe, mpole vilevile.

Jamaa akaacha kijiko hewani.

"Huyu si ndiye yule wa kwako? Wa fomu?"

"Ndiye."

Akatafuna, akafikiri.

"Na hii kazi, kuna fomu wanajaza?"

Kijana mwenye miguu ya mita mbili akasema sogeeni, mnaniziba.