Barua 726, wakaja watano

Jana usiku nimekaa nasoma maisha ya mwalimu Septima Clark, mama mweusi wa Charleston, jimbo la South Carolina huko Marekani, na leo nimeamka bado namuwaza.

Huyu mama kazaliwa 1898, baba yake mzazi alizaliwa mtumwa. Kaanza kufundisha 1916 kule Johns Island, kisiwa jirani na Charleston, maana shule za umma za Charleston zilikuwa haziajiri walimu weusi hata kwa watoto weusi. Akaingia kwenye harakati, saini zikakusanywa nyumba kwa nyumba mpaka 1920 mlango huo ukafunguka, halafu 1945 akiwa Columbia, mji mkuu wa jimbo hilo, akasimama na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na wakili Thurgood Marshall kudai mishahara ya walimu weusi iwe sawa na ya wazungu.

Sasa 1956 jimbo likapiga marufuku wafanyakazi wa umma kuwa wanachama wa NAACP. Septima akagoma kuficha uanachama wake, akawaandikia walimu weusi wenzake barua 726 akiwaomba waipinge hiyo sheria pamoja. Waliojibu 26. Waliosema tutakuja kumuona mkuu wa elimu 11, na siku yenyewe ilipofika wakatokea watano. Kazi ikaenda, pensheni ikaenda, miaka 40 ya chaki yote hiyo. Kulikuwa na chama kingine alichokuwamo, cha wanawake weusi wasomi, nao wakamfanyia hafla ya kumpongeza ila kusimama naye kwenye picha hakuna aliyethubutu, wanaogopa na wao vibarua vitaota nyasi.

Mi ningebaki na kinyongo na wale mia saba, nasema ukweli. Yeye alikuja kusema lile ni moja ya mambo aliyofeli maishani, kwamba aliwasukuma watu kwenye kitu ambacho hawakuwa tayari nacho. Hapo ndo niliweka simu chini kwanza.

Akahamia jimbo la Tennessee, Highlander Folk School, shule ya kuwafunza wanaharakati, pale alipokuwa ameshafundisha semina ya 1955 ambayo Rosa Parks alihudhuria miezi michache kabla ya ile siku aliyokataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Na kule Johns Island kulikuwa na Esau Jenkins, ana basi lake la kupeleka watu kazini Charleston, abiria mmoja mama akamwambia nifundishe kusoma nami nitapiga kura, maana bila kusoma kipande cha katiba ya jimbo huandikishwi. Kwa hiyo Januari 1957 wakaanzisha darasa chumba cha nyuma ya duka la ushirika, mbele bidhaa, nyuma shule, ili wazungu wasishtuke. Mwalimu hakuwa hata mwalimu, ni Bernice Robinson, msusi, ndugu yake Septima, akawaambia wanafunzi wake 14 kwamba mi sio mwalimu, tutajifunza wote. Hakuanza na vitabu vya watoto, alianza na walichokitaka wao, kujaza fomu ya kuagiza vitu kwa posta, kusoma barua za watoto wao walioko mbali, kuandika jina. Jina analiandika kwenye kadibodi, mtu anapitisha penseli juu yake, anarudia tena na tena mpaka mkono uzoee.

Bibi yangu mzaa mama alisaini kwa dole gumba mpaka uzee wake, na kila akitoka kupokea hela anaufuta ule wino kwenye kanga haraka haraka, hata hajafika nje.