Ufundi Umeme Micheweni: Kazi Niliikuta Wapi

Siku yangu ya kwanza ya kazi Micheweni, kaskazini ya Pemba, ilikwisha bila ya kugusa waya. Nilikuwa na nyundo, napigilia nondo ya asi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, nyuma ya nyumba ya mvuvi. Ikaingia shibiri moja, ikagota. Nikahamia upande wa pili, ikagota. Mara ya tatu ikapinda. Mwenye nyumba alikuwa barazani ananitazama, mwisho akasema, "Mwanangu, hapa jiwe. Hapa hata muhogo tunauombea dua."

Mimi umeme nilisomea Vitongoji, kwenye kituo cha mafunzo ya amali. Asi tulifundishwa kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa: unatumbukiza, unafunga klempu, unapata maksi. Micheweni ni maweni, na watu kule wanapasua kokoto kwa nyundo kama yangu wapate riziki.

Kabla ya hapo nilikaa Unguja miaka miwili, mahoteli ya Nungwi na Paje. Kazi zilikuwapo, lakini kila kazi ina mafundi ishirini wanaoigombania, nami nalipwa kwa siku. Mkandarasi mmoja alinikimbia na malipo ya wiki tatu. Nikaona heri nirudi kwetu. Wenzangu walinicheka: kaskazini ya Pemba kuna nyumba ngapi za kutia umeme?

Hesabu yao ilikuwa ya zamani. Mpaka mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na nguzo zikaendelea kuingia vijijini. Nguzo ikishafika, nyumba zote zilizo chini yake zinataka fundi, na nyingi nilizikuta zimeshapitiwa na vishoka: waya wa taa umebebeshwa soketi, meni swichi imening'inizwa kwa kamba ya mwani (hili sitii chumvi), asi hamna kabisa.

Ile nyumba ya mvuvi ilinichukua siku tatu. Nilitafuta pahala palipoinama nyuma ya uwa, tukachimba na mwanawe mpaka jiwe likatukatalia. Tukaleta udongo mwekundu kwa gari la ng'ombe, tukaushindilia kwa maji, na badala ya nondo moja ndefu ya kusimama nikatia fupi tatu, nimezilaza na kuziunganisha kwa waya wa shaba. Wapo mafundi wanaotia chumvi na makaa. Chumvi mimi siitaki. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuila shaba. Nilipopima, mita ikanipa namba ya kulala nayo usingizi. Faida sikupata hata senti, ila majirani walikuwa wamekaa wanatazama siku zote tatu, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeitwa nyumba tano.

Hata hivyo, si nyumba mpya zilizoniweka kwenye kazi hii. Kilichoniweka ni friza za Tumbe. Wauza samaki wanagandisha barafu, na friza zao zilikuwa zikifa moja baada ya moja. Kila mtu akilaumu friza za mtumba. Nikaenda kwa mmoja wao na mita saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha, nikakuta volti 170 pahala panapotakiwa 230. Nyumba yake iko mwisho wa laini, na waya wa ndani ni mwembamba. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inaungua. Nikabadilisha waya, nikamwambia anunue stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Tangu hapo wananiita kabla friza haijafa. Plagi nazo nabadilisha kila mara. Ukizifungua, shaba imeota kijani kwa ajili ya chumvi.

Wavuvi wanaopiga dago, wanaohamia kambi za uvuvi, nao wakaja. Wanataka taa na pa kuchajia simu kambini, basi nikajifunza sola: paneli moja, betri, kidhibiti chaji. Skuli sikuisoma hiyo.

Penye uzito ni malipo. Mwanzo nilinunua vifaa kwa pesa yangu, nikabaki na daftari limejaa madeni. Bibi mmoja mkulima wa mwani nilimtilia taa nne na soketi mbili. Akanilipa kidogo kidogo kila akiuza, miezi saba. Hakunidhulumu hata kidogo, lakini duka la Wete halikunisubiri miezi saba. Sasa naandika orodha, mwenye nyumba ananunua vifaa mwenyewe, mimi nadai ufundi tu. Ufundi nakopesha. Waya sikopeshi hata kwa ami yangu, na ami ameshanuna.

Leseni yangu mwenyewe nimeipata baadaye. Kabla yake nikifanya kazi chini ya fundi wa Wete aliyekuwa nayo, tunagawana. Siku hizi nikiitwa nyumba mpya, nguzo siiulizi. Nauliza kwanza migomba yao iko upande gani, maana mgomba hauoti juu ya jiwe.