Groesbeek bila Ijumaa usiku

Mliokaa Groesbeek, kijiji cha Uholanzi karibu na Nijmegen, kabla ya 2017 mnaikumbuka Ijumaa ya uwanja wa De Heikant: taa zimewaka, mabasi ya wageni yamejazana barabarani, na harufu ya kroketi inakupokea kabla ya mkata tiketi. Msirudi na picha hiyo kichwani. Uwanja upo na jina la Achilles '29 lipo, ila timu iliyokuwa ikicheza daraja la pili la nchi nzima imeporomoka hadi kwenye ligi za mkoa, wapinzani wakiwa vijiji ambavyo zamani tulivichukulia kama mazoezi.

Hata anwani imebadilika. Mwaka 2015 halmashauri ya Groesbeek iliunganishwa na Millingen aan de Rijn na Ubbergen, na tangu 2016 inaitwa Berg en Dal. Kwenye fomu za serikali utaandika hivyo. Hilo linazoeleka baada ya wiki. La mpira halizoeleki.

Kwa waliozaliwa juzi: Achilles ilianzishwa 1929, miaka 10 baada ya De Treffers, klabu nyingine ya hapohapo kijijini. Huku ni upande wa Wakatoliki, kwa hiyo mpira ulikuwa wa Jumapili, misa asubuhi na mechi mchana. Waprotestanti wa Katwijk na Spakenburg waliiheshimu Jumapili, wakacheza Jumamosi. Tofauti hiyo ya dini ndiyo iliyogawa soka la ridhaa la Uholanzi mafungu mawili, na ilichangia kuamua nani apande ngazi na nani abaki.

Maana ilipoanzishwa Topklasse, ligi ya juu ya ridhaa, mwaka 2010, ikiwa na kundi la Jumamosi na la Jumapili, mlango wa kwenda Eerste Divisie, daraja la pili la kulipwa, ulifunguliwa lakini hakuna aliyelazimishwa kuingia. Bingwa aliulizwa, na mabingwa wengi walijibu hapana. Wengine walikataa kwa sababu ya Jumapili, wengine kwa sababu mhasibu wao alikuwa na akili timamu. FC Oss walipita 2011, lakini wale walikuwa klabu ya kulipwa iliyoteleza mwaka mmoja tu. Achilles, chini ya kocha Eric Meijers, walitwaa ubingwa wa Jumapili 2012 na tena 2013, na mara hiyo ya pili wakakubali. Klabu ya ridhaa ya kweli, ya kijiji, ndani ya soka la kulipwa. Msimu uleule AGOVV ya Apeldoorn na SC Veendam zilikuwa zimefilisika katikati ya ligi. Yaani maiti mbili hazijapoa, na sisi tunabisha hodi.

Nisiwe mnafiki, ilikuwa raha. Msimu wa 2014/15, NEC walipokuwa wameshuka daraja, wakubwa hao wa Nijmegen, mwendo wa dakika chache kwa gari, walilazimika kuwa na Groesbeek kwenye ratiba moja ya ligi. Achilles walifika hata kuwa na timu ya wanawake katika Eredivisie, ligi kuu. Wanaosema leo kwamba kila mtu alijua mwisho wake wangetuambia wakati ule.

Lakini hesabu haikuwa siri. Topklasse ilikuwa na timu 16, mechi 30. Eerste Divisie ya 2013 ilianza na timu 20, zikiwemo timu za vijana za Ajax, PSV na Twente: mechi 38. Nyingi huchezwa Ijumaa saa mbili usiku. Sasa fikiria anayekata tiketi, anayechora mistari, anayekaanga frikandel: wote ni watu wa kujitolea, na Ijumaa jioni wanatoka kazini. Ukiwa ridhaa unawapanga Jumapili mchana na hawakugharimu kitu zaidi ya kahawa. Ukiwa na leseni ya kulipwa, unaajiri walinzi kwa makubaliano na polisi na meya, na unaajiri watu wa tiba. Usafiri sasa ni Emmen kaskazini na Maastricht kusini, si Nijmegen.

Halafu kuna mikataba. Mchezaji wa ridhaa analipwa posho, na mambo yakiharibika mnaagana mwisho wa msimu. Mchezaji wa kulipwa yuko chini ya mkataba wa pamoja wa waajiri na chama cha wachezaji: mshahara, likizo, bima, pensheni. Kamati ya leseni ya KNVB, chama cha soka cha Uholanzi, wakati ule ilikagua vitabu vyako na kukuweka kundi la 1, 2 au 3. La 1 lilimaanisha fedha zako ni mbovu na utaandaa mpango wa kujirekebisha, huku mpinzani wako akisajili. Na kinachoua si kupanda, ni kushuka. Fungu la haki za televisheni linakatika siku moja, wafadhili wa Nijmegen wanarudi NEC, mikataba ya miaka miwili bado inadai. Kantini haiwezi kuziba hilo shimo hata ukikaanga usiku na mchana.

Achilles walishuka 2017 kwenda Tweede Divisie, daraja la tatu, ambayo ilikuwa imerudishwa mwaka mmoja tu kabla. 2018 wakashuka tena, na hawakusimama hapo. Mkinisikia nikiwasema waliokuwa madarakani, sawa, nina uchungu. Ila niwape haki yao: klabu ya kijiji ikishajengwa kwa ajili ya daraja la pili, huwezi kuirudisha kuwa ya kijiji kwa kikao kimoja. Vijana wa nyumbani walikwisha kuondoka kwa sababu nafasi zao zilichukuliwa na watu wa kuletwa. De Treffers, waliobaki ridhaa, waliingia Tweede Divisie ilipoanza 2016 wakiwa hawajauza roho. Sisi tuliokuwa tukiwacheka kwamba hawana ujasiri, leo tunawasalimia kwa adabu.

Kwa anayerudi na watoto, au anayetaka kucheza mwenyewe, mambo haya yatamkwaza klabu yoyote atakayokwenda.

Uhamisho wa mchezaji wa timu za mashindano ya kawaida unaombwa mwisho Juni 15. Ukichelewa, hutazichezea timu hizo kwenye ligi, na kamwe usihame bila kumaliza ada ya klabu ya zamani, kwa sababu wana haki ya kuuzuia uhamisho. Ukijitolea kufundisha watoto, utaombwa hati ya mwenendo mwema, ile VOG. Klabu iliyojiandikisha kwenye mpango wa serikali inakupatia bure, usilipe mfukoni. Ile karatasi ya mechi tuliyokuwa tukiisaini kwa kalamu haipo, kila kitu kiko kwenye programu ya simu, na meneja asiyeijaza majina kabla ya mechi anaiponza timu nzima.

Bia: tangu Januari 2014 ni miaka 18, si 16. Mvulana wa timu ya wakubwa mwenye 17 anakunywa soda baada ya mechi, na mwenye zamu ya kantini akimpa bia, klabu ndiyo inayopigwa faini.

Watoto ndio watakuchanganya. Majina ya zamani ya makundi ya watoto, F, E na D, yamefutwa, sasa ni umri: JO8 (chini ya miaka 8), JO9, JO10. Hao wanacheza 6 kwa 6 kwenye kiwanja cha mita 42.5 kwa 30. JO11 na JO12 ni 8 kwa 8, mita 64 kwa 42.5. Mpira ukitoka pembeni haurushwi, unawekwa chini, mtoto anaupiga pasi au anaingia nao. Kwa JO8 hadi JO10 hakuna mwamuzi, kuna msimamizi anayekaa nje ya mstari, na kwa wadogo hakuna msimamo wa ligi. Wazazi wanahesabu magoli kimyakimya kwenye simu, msidanganywe.

Kama kiwanja ni nyasi bandia zenye chembe nyeusi za matairi, kung'uta viatu juu ya brashi kabla ya kutoka. Umoja wa Ulaya umekwisha kuzipiga marufuku na viwanja vimepewa hadi 2031, hivyo klabu nyingi sasa zinahangaikia gharama za kubadilisha.

Na Septemba mtoto wa jirani atabisha hodi akiuza tiketi za Grote Clubactie, bahati nasibu ya kuchangia klabu. Moja ni euro 3, na euro 2.40 zinabaki kwa klabu yake. Hana haja ya sarafu zako, atakuonyesha kijisanduku cha kuskani kwa simu, yaani msimbo wa QR.