Ati umemaliza sufuria nzima?

Juzi nilikwamishwa na neno moja tu la Kiingereza: incredulously. Nilikuwa natafsiri hadithi ya watoto. Mama anafunua sufuria, wali hamna, anamuuliza mwanawe kama ameumaliza wote; halafu mwandishi anabandika neno hilo mwishoni. Nikaandika: "Umemaliza sufuria nzima?" aliuliza kwa kutoamini.

Nikamsomea mamangu, aliyekuwa barazani akichambua mbaazi. Akasema, "Huyo mama anasoma risala?"

Nikarudi kwenye kamusi. Kwa Kilatini, credere ni kuamini, na incredulus ni mtu asiyeamini. Kiingereza kimeongeza tu -ly mkiani, neno lieleze jinsi tendo lilivyofanyika. Ukoo huo tunao hata hapa Mombasa: kredo ya simu inatokana na credit, mali unayopewa kwa kuaminiwa (ingawa ya simu unalipa kwanza, kwa hiyo sijui nani anamwamini nani). Na ile Nasadiki tunayosali kanisani Jumapili, kwa Kilatini ni Credo. Kwenye Biblia ya Kilatini, Yesu anamwambia Tomaso asiwe incredulus. Biblia yetu inasema, "usiwe asiyeamini." Sisi tumetumia kitenzi, na hakuna aliyepungukiwa.

Usilichanganye na incredibly. Hilo ni la jambo lisiloaminika, na siku hizi limechakaa hadi maana yake ni "sana" tu. Incredulously ni la mtu anayekataa kuamini. Shakespeare mwenyewe, kwenye tamthilia yake Twelfth Night, alimpa mhusika Malvolio neno incredulous akimaanisha jambo lisiloaminika, kwa hiyo ukikosea uko na wenzako wazuri.

Lakini sentensi yangu bado ilikuwa mbovu. Nikamwomba mamangu aiseme yeye, kama vile mimi ndiye niliyekula huo wali. Mkono ukasimama juu ya ungo. "Ati umemaliza sufuria nzima?"

Ati! Mwingereza anamwacha mtu aseme, kisha anatueleza alivyosema. Sisi mshangao tunautanguliza, umo kinywani mwa msemaji mwenyewe. Nikafuta "kwa kutoamini," nikaweka "ati."

Kazi hii nalipwa kwa idadi ya maneno ya Kiswahili. Nikamweleza mamangu kwamba nimetoa mawili, nimerudisha moja.

"Ati umejikata pesa mwenyewe?"